Siku Walipomchimbua Rais Wetu

Nilipokuwa na miaka tisa, mimi na rafiki yangu tulikuwa na nchi. Ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, pembezoni mwa mji wa Kahama, kati ya choo na majaruba ya mpunga ya jirani, na raia wake tulikuwa wawili tu. Rafiki yangu alikuwa binti wa duka la jirani, wa familia ya Kihindi, na kila jioni alipenya kwenye ua wa minyaa kuja kwetu. Nchi haikuwa na jina kwa sababu kila mmoja alitaka iitwe kwa jina lake. Tukaishia kuiita Taifa.

Rais wa Taifa alikuwa jogoo wetu. Hatukumchagua, alijitangaza mwenyewe. Alitembea kifua mbele, na hata mbwa wa jirani alimpisha njia. Makamu wake alikuwa tetea mweupe aliyetaga kila siku, na mawaziri walikuwa matetea wanne wasio na kazi maalumu. Nyumbani kwa rafiki yangu hawali nyama, kwa hiyo yeye aliwapenda wote kwa moyo safi. Mimi nilimheshimu Rais huku nikiyatazama mapaja yake.

Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilipoingia mjini, na ndani ya wiki moja serikali yote ikaanguka. Rais alipinda shingo Jumatatu. Kufikia Alhamisi hatukuwa na waziri hata mmoja. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani pale barazani, alisema kuku wa kideri hawaliwi, tukawafukie mbali na kisima. Nadhani alitegemea shimo moja.

"Hatuwezi kuwafukia hivi hivi," rafiki yangu alisema, macho yamemvimba kwa kulia. "Hawa ni watu mashuhuri."

Dukani kwao kulikuwa na kalenda yenye picha ya jumba jeupe lenye kuba, na baba yake alikuwa amemweleza kwamba lile jumba lote ni kaburi. Mimi sikuamini. Kaburi kubwa kuliko kanisa letu! Lakini yeye alishikilia kwamba nchi yoyote yenye heshima zake huwalaza wakubwa wake mahali pamoja, pajengwe vizuri, na watu waje kutazama.

Basi tukajenga. Tulichimba mashimo sita, kila kiongozi tukamvika kipande cha kitenge kutoka kapu la mama. Juu ya mashimo yote tukainua tuta moja kubwa la udongo na kulizungushia mawe meupe yenye kumetameta, tuliyookota kando ya barabara. Kuba ndilo lililotusumbua, mpaka tukapata karai bovu la kuoshea dhahabu, lililotupwa na wachimbaji waliopanga nyumba ya pili. Tukalifunika juu kabisa. Nilipoliangalia kaburi letu la taifa kutoka mlangoni mwa jiko, nilijisikia kama nimekua ghafla.

Jumamosi asubuhi tulikuta mwanamume amechuchumaa mbele ya kaburi. Alikuwa na kofia ya sufu na nyundo ndogo mkononi. Alikuwa amevunja jiwe letu moja jeupe, analilamba, analigeuza juani.

"Shikamoo," tulisema.

"Marahaba. Nani anachimba hapa?"

"Sisi," nilijibu.

"Wawili tu? Mna mashimo mangapi?"

"Sita," alisema rafiki yangu. "Hili la Rais, lile la Makamu, yale mengine ya mawaziri."

Yule mtu akaitikia kwa kichwa taratibu. Wakati huo sikujua kwamba mawe kama yale ni dalili ya dhahabu, wala kwamba wachimbaji huyapa maduara yao, yaani mashimo ya dhahabu, majina makubwa makubwa, na kwamba duara kuitwa Rais si jambo la kumshangaza mtu anayetoka machimbo ya Bugarama.

"Rais anatoa?" akauliza, sauti chini.

"Alijitoa maisha yake yote," rafiki yangu alisema kwa uchungu. "Sasa hatoi tena."

"Na Makamu?"

"Makamu alikuwa anatoa moja kila asubuhi," nilisema mimi.

"Moja? Kubwa kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa vidole ukubwa wa yai. Akameza mate.

"Rangi yake?"

"Nje nyeupe, ndani njano."

Akasimama, akatushika mkono kwa heshima zote, mmoja mmoja. Akaondoka akitembea. Alipofika kwenye kona tulimwona akikimbia.

Tulikuwa tunakula ugali wa mchana tuliposikia vishindo. Nyuma ya nyumba walikuwa wamejaa wanaume wenye sururu na machepe, wanapigilia vigingi vya miti na kufunga kamba za katani, kila mmoja anadai hapa ni pake. Mmoja alikuwa amejigawia choo chetu. Mama akatoka na futi ya kupimia shingoni na mkono mmoja wa gauni la mtu.

"Mwadila, mayu," yule mwenye kofia alimsalimia Kisukuma, kofia mkononi. "Utusamehe. Hapa pana mali."

"Mali gani?"

Karai lilikuwa limeshaondolewa na sururu ya kwanza imeshashuka. Rafiki yangu akapiga yowe. Chepe likaingia, likatoka na kitenge. Wakakivuta kwa pupa. Kukatoka manyoya, kisha mguu wa njano, kisha harufu. Wote wakarudi nyuma.

"Jogoo," mtu alisema.

Wakajaribu shimo la pili, kwa sababu binadamu akishaota dhahabu haamki upesi. Wakamtoa Makamu.

"Jamani," akasema mwingine polepole, "hili duara linatoa kuku."

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Wengine walikalia machepe yao, mmoja alijishikiza kwenye mti wa kamba ya nguo akaangusha shuka zetu zote. Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye kifusi na gauni la watu. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Rafiki yangu peke yake hakucheka. Alipanda juu ya tuta, mtoto mwembamba mwenye msuko mrefu, akawanyooshea kidole.

"Mmemchimbua Rais!"

Yule mwenye kofia akamtazama, akamtazama jogoo, kisha akauliza taratibu, "Alikufa kwa nini?"

"Kideri."

"Pole, mwanangu. Poleni na taifa zima." Akawageukia wenzake. "Tumefanya vibaya. Tuwazike."

Na waliwazika! Watu wale walijua kuchimba. Walishusha shimo moja lenye kuta zilizonyooka kama zimekatwa kwa kisu, wakaweka matimba ya miti ndani ili udongo usibomoke. Wakawalaza viongozi kwa mpangilio wa vyeo, ambao rafiki yangu aliusimamia, akamrudisha nyuma waziri mmoja aliyewekwa karibu mno na Rais. Mama alichana mabaki ya kitambaa cheusi, kila mchimbaji akafungiwa utepe mkononi.

Yule mwenye kofia akatoa hotuba. "Mzee huyu," alisema, uso mkavu kabisa, "alikuwa kazini saa kumi za alfajiri, sisi tukiwa tumelala. Hakuwahi kuchelewa. Ni kiongozi gani mwingine mnayemjua wa namna hiyo?"

"Hakuna!" wakajibu.

Wimbo wetu wa taifa ulikuwa na mistari miwili, na wa pili ulirudia wa kwanza. Tuliwafundisha papo hapo. Sisi tulikuwa tukiuimba kama vinanda viwili vibovu, lakini wao waliugawa kwa sauti nne, mabega yakaanza kucheza kama wako kwenye ngoma ya mavuno, na wimbo ule mdogo ukawa mkubwa mpaka majirani wakatoka nje. Baba wa rafiki yangu alifunga duka akaja na biskuti, akisema msiba haukosi kitu cha kutafuna.

Mwishoni yule mwenye kofia akaomba uraia. Rafiki yangu aliniangalia, nami nikakubali. Wenzake nao wakapanga mstari. Tuliwaapisha mmoja mmoja, mkono juu ya karai, mpaka mama akaanza kuulizia nani ataanika upya shuka zake. Raia wapya waliziokota wote kwa pamoja, wakazifua kisimani, na kuzianika.