Kichaka cha Anastasia

Mumewe alipofariki mwaka 1984, Anastasia wa Mungaa aliachiwa eka tatu za mteremko mtupu, udongo mwekundu uliochimbika makorongo. Hakupanda kitu, aliacha visiki vya zamani vichipue vyenyewe. Alizungushia miiba, akafukuza mbuzi wa majirani kwa fimbo, akagombana na shemeji zake waliotaka kuchoma mkaa kila shina lilipoanza kunenepa. Baada ya miaka kumi na saba, migunga na mikola ilikuwa imefunga kivuli, na kijiji kizima kilimwita mchoyo.

Ndipo kikaja chuo. Kilikuwa chuo kikuu cha binafsi, kama vile vilivyoanza kuota baada ya serikali kulegeza masharti, na kilijisifu kufundisha biashara inayotunza mazingira. Mhadhiri wake, Raymond, alishusha basi zima la wanafunzi. Wakapanda miche mia tatu ya mikaratusi kando ya kichaka, wakapiga picha. Ilikuwa Mei, mvua zimeshakatika.

"Nani atakuwa anamwagilia?" Anastasia alimuuliza mwanafunzi mmoja, Belinda, binti wa Ikungi.

Kufikia Agosti hakukuwa na mche hata mmoja uliosimama.

Mwaka uliofuata Raymond alirudi na wanafunzi wachache na wageni watatu kutoka Ulaya, waliokuja kukagua kama chuo kinastahili cheti cha mazingira. Alipita penye miche iliyokufa bila kugeuza shingo, akawapeleka moja kwa moja kichakani. Kwenye mwanya wa miiba kilikuwa kimesimamishwa kibao kipya: Msitu wa Chuo.

Anastasia alikuwa ndani akikata fito.

"Shikamoo mama," alisema Raymond.

Hakuitikia. "Huu msitu ni wa nani?"

"Tutaongea baadaye, mama. Nina wageni."

"Nimekuuliza ni wa nani."

Mgeni mmoja akataka kujua anasema nini. Raymond akamjibu kwa Kiingereza huku akitabasamu. Belinda, aliyesimama nyuma na daftari lake, akamgeukia Anastasia kwa Kinyaturu, lugha ya kwao wote wawili: "Mama, amewaambia unakishukuru chuo kwa kukupandia miti."

"Basi waambie wewe ukweli."

Belinda alijua nani anasahihisha mitihani yake. Hata hivyo akawaambia wageni yote, mpaka habari ya mbuzi na fimbo. Wageni wakafunga madaftari yao. Anastasia akang'oa kibao, akakitupa miguuni pa Raymond.

"Beba kitu chako."

Chuo hakikupata cheti, na mabati kiliyoahidi kwa ajili ya shule ya msingi hayakuja. Mwenyekiti wa kijiji, Ezekieli, alimsimamisha Anastasia mbele ya mkutano.

"Watoto wetu wananyeshewa kwa sababu ya kibao, Anastasia."

"Ungewapa msitu wako."

Tangu siku hiyo wanawake walinyamaza kila alipofika kisimani. Naye akawanyamazia. Raymond alibaki na kazi yake.

Belinda alifelishwa, akarudia mwaka mzima. Alipopita Mungaa kumsalimu, Anastasia alichukua mkeka, akamtangulia mpaka ndani ya kichaka, ambako hakuwahi kumkaribisha mtu, wakakaa kimya hadi jua likapoa.