Sikio la Mama Swichi

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila aliyepiga simu kwenye hospitali ile kubwa alipokelewa na sauti ya mwanamke mmoja. Ilikuwa sauti pana, isiyo na haraka, na hata aliyepiga akiwa roho mkononi alijikuta anavuta pumzi kwanza kabla ya kueleza shida yake. Wengi hawakujua kwamba mwenye sauti ile alikuwa haoni. Surua ilimnyang'anya macho akiwa na miaka minne. Alipokua akasomea kazi ya kupokea simu, akakabidhiwa swichibodi, mtambo wa kuunganisha simu, katika kijumba cha nyuma ya mapokezi, chenye kiti kimoja na feni moja. Namba za ndani za hospitali, mia mbili na kitu, alizibeba kichwani. Madaktari wakamwita Mama Swichi, na jina likamganda.

Kisha hospitali ikafunga mtambo unaojipokelea simu wenyewe, ule wa "kwa wodi ya wazazi bonyeza mbili", na Mama Swichi akaagwa kwa soda, hotuba na saa ya ukutani. Mumewe, ambaye ni fundi saa, aliitikisa ile zawadi karibu na sikio, akasema haimalizi mwezi, kisha akauliza ni nani aliyekaa akafikiri hadi akaona asiyeona apewe saa ya ukutani. Walicheka mpaka wakafutana machozi.

Lakini miezi iliyofuata haikuwa ya kucheka. Mama Swichi aliamka mapema kama zamani, akaoga, akavaa vizuri, halafu akakaa kwenye kochi mikono mapajani, kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa. Hakuna aliyemwita.

Aliyemtoa kwenye kochi lile ni mkandaji mmoja waliyesoma pamoja shule ya wasioona. Huyu alikuwa ameanzisha kundi la mtandaoni liitwalo Tusikilizane, la watu wasioona na wazazi wenye watoto wasioona. Mle ndani watu huandika kidogo na kusema sana. Siku nzima ni ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Wanachama walishapita mia tatu, na mkandaji alikuwa amezidiwa. Akampigia simu.

"Dada, mikono yangu ina mafuta toka asubuhi hadi jioni," alimwambia. "Shika wewe mlango."

Mama Swichi akaushika kikwelikweli. Aliweka sharti kwamba kila mgeni ajitambulishe kwa sauti yake mwenyewe, naye angempigia, wazungumze mawili matatu: unatoka wapi, umemjuaje aliyekuleta, mtoto wako anapenda nini. Mumewe alimtania kwamba anahoji watu utadhani wamekuja kumposa binti yake. Yeye hakujali. Sauti ya mtu akishaisikia mara moja, imekaa kabatini, na kabati lake halikuwa na vumbi.

Hata hivyo tapeli wa kwanza alimpita. Alikuja mwanamume mchangamfu aliyejiita muuza saa zinazosema, zile unazobonyeza zikakutajia muda. Wanachama watatu wakalipia, na saa hazikuja. Mama Swichi alimtoa mwizi yule, kisha akazungumza na kundi zima bila kujitetea. "Mlango nilishika mimi," alisema, "na mimi ndiye niliyemfungulia. Nisameheni." Halafu akakaa chini na ujumbe wa sauti wa yule mtu, akausikiliza, akaurudia, mpaka akamjua kuliko anavyomjua shemeji yake. Herufi ya "s" ilimtoka na mluzi mwembamba, kama mwenye mwanya. Na kabla ya kusema "kwa hiyo", lazima ameze mate.

Ikapita miezi minne. Asubuhi moja ya Jumanne, Mama Swichi alikuwa jikoni anamenya viazi, simu imewekwa juu ya meza inasema. Ukaingia ujumbe wa Mama Pacha, mama kijana mwenye watoto mapacha wa miaka sita, wote wawili wasioona. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. Alisema amempata daktari wa macho wa hospitali kubwa, kuna mradi, watoto ishirini watafanyiwa upasuaji na wataona. Inatakiwa tu ada ya kufungua faili, leo kabla ya saa sita. Ili wenzake waamini, akaweka na ujumbe wa daktari mwenyewe.

Daktari alikuwa na sauti nzito, ya kisomi, inayotua kila neno mahali pake. Alieleza habari za neva na lenzi. Kisha akameza mate, akasema, "Kwa hiyo, wazazi, msichelewe," na "s" ikamtoka na mluzi mwembamba.

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

Mama Swichi aliwaomba wanachama wasitume chochote mpaka athibitishe. Kundi likachemka. Wazazi kumi na zaidi walikuwa wameshaomba namba ya daktari. Mmoja akauliza ushahidi uko wapi, mwingine akasema sauti si kitambulisho, watu hufanana sauti kama wanavyofanana sura. Mama Pacha hakutaka kuyasemea kundini. Alimpigia mwenyewe.

"Mama, wewe umeshazoea maisha yako," alisema. "Wanangu wana miaka sita. Kwa nini unataka kuwafungia mlango?"

Neno lile lilimwingia. Alipokata simu alibaki amesimama, maganda ya viazi mkononi, akijiuliza kama kweli hajakosea. Ikiwa ni daktari wa haki, mwenye mwanya na mate yake, basi yeye ndiye anayewaharibia watoto bahati yao. Mumewe alisogea mlangoni, akamuuliza kama anataka chai. Hakutaka chai. Alifuta mikono, akapiga moyo konde, akapiga simu hospitali.

Mtambo ukaanza kumsomea orodha yake. Hakuungoja umalize, vidole vilibonyeza namba ya ndani ya kliniki ya macho vyenyewe. Akapokea muuguzi mkuu, na hata kabla hajajitambulisha, muuguzi akamtaja jina na kumwambia wamemkosa. Mama Swichi akamweleza. Muuguzi akasema hapana mradi, hapana daktari wa jina hilo, na sauti yake ikaanza kuwaka.

Kumpelekea Mama Pacha maneno hayo kungetosha kwa mtu mwingine. Lakini Mama Swichi alijua kwamba mama mwenye tumaini atasema muuguzi hajaambiwa, mradi ni mpya, ofisi ni nyingine. Alitaka Mama Pacha asikie kwa masikio yake. Akamwomba muuguzi abaki kwenye laini, akamwita Mama Pacha, akamsihi ampe dakika tano tu: amtajie namba ya daktari, yeye awaunganishe, kisha amuulize awalete wapi watoto, basi. Mama Pacha alikubali shingo upande na kutaja namba.

"Subirini kidogo," alisema Mama Swichi, na mgongo wake ukanyooka wenyewe. "Nawaunganisha."

Daktari alipokea kwa upole. Mama Pacha akamuuliza awalete wapi watoto, na daktari akamwambia aje kliniki ya macho, ghorofa ya tatu, akifika amuulizie yeye, lakini ada itangulie.

"Mimi niko kliniki ya macho sasa hivi," muuguzi akasema. "Iko chini, jirani na duka la dawa. Wagonjwa wetu hatuwapandishi ngazi."

Mama Swichi akaingia taratibu, kwa sauti ileile aliyowapokelea watu miaka thelathini na mmoja.

"Na zile saa zetu zinazosema, baba, bado tuzisubiri?"

Wote watatu wakamsikia akimeza mate. Simu ikakatika.

Mama Pacha alilia, na hawakumharakisha. Alipotulia, muuguzi akamwambia awalete mapacha Alhamisi, awaone daktari wa kweli, ila hawezi kumwahidi kitu. Aliwapeleka. Mmoja alikutwa na chembe ya kuona, akapewa miwani, na sasa anaweza kulifuata dirisha lenye mwanga. Wa pili, hali yake haikuwa na dawa. Mama Pacha aliyasema yote mawili kundini kwa mdomo wake, akaongeza kwamba siku ile alimtamkia mama yake wa mtandaoni neno baya, na anaomba radhi mbele ya watu. Mama Swichi akamjibu kwamba hata yeye angelisema.

Namba ya tapeli iliripotiwa kwa kampuni ya simu na ikafungwa. Wale watatu wa saa wakaongozana na Mama Swichi na mumewe hadi polisi. Maelezo yaliandikwa, faili likafunguliwa, na bado wanasubiri kuitwa.

Tangu hapo, kila Alhamisi alasiri, Mama Swichi hufundisha kundini namna ya kumsikiliza mgeni: wapi anaharakisha, swali gani analiruka. Mwanafunzi wake asiyekosa ni Mama Pacha.

Juzijuzi Mama Swichi alijilaza baada ya chakula cha mchana. Alipoamka, simu ikamwambia kuna mgeni aliyekuja na habari za fimbo za bure za wasioona, na ameshatolewa. Akafungua mazungumzo. Mama Pacha alimpokea yule mgeni kwa adabu, akampa nafasi aseme, kisha akamuuliza fimbo zenyewe zina urefu gani, maana mtoto na mtu mzima hawatumii moja. Mgeni akajibu urefu ni mmoja tu, zinamfaa kila mtu. Akaulizwa tena, polepole, na akazama katika uongo wake.

Mama Swichi alisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, akarudia. Halafu akamwita mumewe aache saa za watu aje.

"Anauliza kama wewe," alisema fundi saa.

"Kama mimi wapi," alijibu, na uso wote ulikuwa umemchanua. "Hilo la urefu wa fimbo mimi nisingelikumbuka. Hebu kaa, tumsikie tena."