Nazi Haikuwa Mbovu

Saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi. Mwanamke amekalia mbuzi katikati ya chumba kimoja ambacho ndicho sebule, ndicho chumba cha kulala na, tangu jana, ndicho mahali pake pa kazi. Anakuna nazi ya pili. Macho hayainui.

"Tazama saa yako," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Na usije ukaanza kuhesabu dakika kuku akishaingia kwenye sufuria. Hesabu tangu hapa."

Majirani humwita Mama Tui. Ana miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na moja amekuwa mpishi katika nyumba ya mwanamke ambaye wengi wanamfahamu kwa video zake za mapishi. Video iliyompa jina ni moja: kuku wa nazi wa dakika ishirini.

Aliyewahi kuitazama ataikumbuka. Kuku ameshakatwa na kuoshwa. Vitunguu, nyanya na tangawizi viko tayari kwenye vibakuli. Tui limetulia kwenye jagi la kioo. Bosi anaingia na aproni nyeupe isiyo na doa hata moja, anakoroga mara tatu, anaonja, anafumba macho. "Dakika ishirini tu, jamani! Kwani kuna ugumu gani?"

Ugumu aliubeba mtu mwingine tangu asubuhi. Mtu huyo, wakati video inarekodiwa, alikuwa amesimama pembeni ameshika taa.

"Nilikuwa naishika mpaka mkono unakufa ganzi," anasema Mama Tui huku akikamua nazi. "Nikisogea kidogo, kivuli changu kikaonekana ukutani, tunarudia mwanzo."

Pishi lenyewe ni lake. Anaeleza kwamba watoto wa bosi walikuwa wakirudi kutoka shule na njaa inayowatoa machozi, naye akawa anatafuta namna ya kuwawahisha. Akaanza kukata kuku vipande vidogo kuliko kawaida, anavipaka ndimu, tangawizi na bizari, anavikaanga kwanza kwenye kitunguu mpaka vibadilike rangi. Kisha anavipika kwa tui la pili, lile jepesi. Tui zito huingia mwishoni kabisa.

"Hapo ndipo watu wanapoharibu. Moto uwe mdogo, ukoroge, na usifunike. Ukifunika tu, tui linakatika, kwisha habari yako. Mimi mwenyewe niliharibu sufuria ngapi mpaka nikajua!"

Mwaka jana bosi alitoa kijitabu cha mapishi. Nakala mia sita zikaisha. Bei ya nakala kumi na moja ni sawa na mshahara wa mwezi mzima wa Mama Tui. Jina lake halimo popote, hata kwenye ukurasa wa shukrani, ambako wametajwa mpiga picha, fundi wa nywele na paka.

Naam, paka.

Bintiye wa miaka kumi na sita, aliyeketi kitandani akimenya vitunguu saumu, anafungua kijitabu hicho ukurasa wa tisa. Kuna picha ya mikono inayokamua nazi, na kwenye kidole gumba cha kushoto kuna kovu la kisu. Binti anaushika mkono wa mama yake na kuuweka kando ya picha. Kovu ni lile lile.

"Sasa soma hapo chini," anasema Mama Tui.

Hapo chini pameandikwa kwamba pishi hili bosi alilirithi kwa bibi yake.

"Bibi yake namjua! Alikaa pale miezi miwili, nikampikia mwenyewe. Nazi hagusi yule bibi, inamvuruga tumbo!" Anacheka mpaka anaacha kukamua. Halafu kicheko kinakatika ghafla na anarudi kwenye kazi yake.

Hayo yote aliyavumilia. Kilichomshinda kilitokea wiki tatu zilizopita. Wasomaji wa kijitabu walikuwa wameanza kulalamika kwamba tui lao linakatika, kwa kuwa bosi, ili pishi lionekane jepesi, aliandika kwamba tui lote limwagwe kwa pamoja. Akaamua kuwanyamazisha kwa kupika moja kwa moja mtandaoni, watu wakimtazama. Mama Tui akaambiwa akae uani asije akaonekana.

Bosi alimwaga tui lote. Akafunika. Akageukia simu kusoma pongezi. Alipofunua, mafuta yalikuwa yanaelea juu na chini kumejaa mabonge meupe. Watazamaji elfu mbili na mia tatu wakaona. Wakauliza kulikoni.

"Leo dada wa kazi amenikunia nazi mbovu," bosi akajibu huku akitabasamu. "Mnawajua hawa."

Mama Tui alisikia kupitia dirisha. Miaka kumi na moja hakuwahi kutajwa, na siku alipotajwa alitajwa kwa kosa lisilo lake. Binti naye alikuwa akitazama, tena na wenzake wa shule.

"Alirudi nyumbani, sahani ya chakula akaisukuma kando. Nikamuuliza, mwanangu una nini? Akaniuliza, 'Mama, ni kweli hujui kuchagua nazi?'" Mama Tui anafuta uso kwa kiwiko, mikono imejaa machicha. "Mimi? Nazi nikiitikisa tu najua."

Juzi Alhamisi bosi alimwita. Kijitabu kinachapishwa upya, akataka aelezwe hatua zote, moja baada ya nyingine, mwandikaji akiwa ameketi na kompyuta. Mama Tui alisema ataeleza kwa masharti mawili: jina lake liandikwe, na bosi awaambie watu wale wale kwamba nazi haikuwa mbovu.

"Akaniambia, 'Jina lako litamsaidia nani?' Nikamjibu, litamsaidia mwenye nalo. Akanipa siku moja, niseme hatua au niondoke. Jana asubuhi nikakunja aproni, nikaiacha mezani."

Gazeti hili lilimpigia bosi simu. Alijibu kwa upole mkubwa. "Yule nilimlea kama ndugu. Jiko langu, gesi yangu, kuku wangu. Alichopika humo kikawaje chake?" Alipoulizwa kuhusu nazi, alisema ana mgeni, akakata.

Ndugu gani huyo anayewekwa uani kama ndoo?

Chumbani, tui zito linaingia sufuriani. Mama Tui anakoroga polepole, binti amesimama begani kwake akitazama bila kupepesa. Mchuzi unakuwa mzito, wa manjano, laini, hauna bonge hata moja. Jirani wa mlango wa pili anachungulia na kuuliza kama kuna msiba au harusi, maana harufu hiyo si ya siku ya kawaida. Anapewa kijiko. Haondoki tena.

Kwa saa ya mwandishi, tangu nazi ile ya pili imepita saa moja na dakika arobaini. Kati ya hizo, ishirini na mbili ndizo za jikoni. Nyingine zote ni zile ambazo video haikuzionyesha.

Kuanzia Jumatatu atapikia mafundi kumi na wanne wa karakana ya ushonaji iliyo jirani chakula cha mchana. Hana uhakika kama watamtosha. Kodi ya chumba anaijua na ada ya shule anaijua, na anakiri usiku wa jana hakulala vizuri. Lakini hatua zake zote zinaandikwa: yeye anasema, binti anaandika kwenye daftari jipya.

Binti anauliza aanze na nini, kuku au nazi.

"Anza na jina langu. Lote, na la babu yako," anasema Mama Tui. "Kila muhula nakuhimiza uandike jina juu ya madaftari yako yasiibiwe. Mimi ndiye niliyesahau langu."