Mtihani wa Uongo Niliomtungia Mwalimu Mwenzangu

Kwa zaidi ya mwaka mmoja kompyuta yangu ya nyumbani ilinisumbua kwa namna moja tu. Nikisikiliza nyimbo, imetulia. Nikisoma habari, imetulia. Lakini nikifungua faili ya mtihani, feni inaanza kuvuma, prosesa inapanda hadi karibu mia kwa mia, na ninachokiandika kinatokea kwenye kioo nikiwa nishasahau nilitaka kusema nini.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili upande wa Kapseret, nikiishi Pioneer, mjini Eldoret. Mimi ndiye niliyekuwa nikitunga karatasi ya insha ya mtihani wa mock, ule wa majaribio unaofanywa na shule kadhaa za huko kwa pamoja. Kazi hiyo niliifanyia nyumbani, wikendi, chai ikiwa kando.

Nililaumu vumbi. Nilifungua kasha nikasafisha kwa brashi ya rangi, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli. Nikapaka upya ile dawa nyeupe ya kupoza prosesa. Nikafuta programu zote nisizozitumia. Wapi! Siku mbili, halafu feni ileile.

Jumamosi moja nilifungua orodha ya programu zinazoendeshwa, nikaiacha upande mmoja wa kioo, kisha nikafungua faili ya mtihani upande wa pili. Programu moja ikaruka juu papo hapo. Ilijiita programu ya printa. Mimi sina printa. Karatasi zangu huchapishwa shuleni.

Nikatafuta mahali ilipohifadhiwa. Nikakuta folda imejaa picha. Nilipofungua ya kwanza, niliona maswali yangu. Ya pili, maswali yangu tena, na neno nililokuwa nimelifuta bado lipo. Kila nilipotunga, kuna kitu kilikuwa kinapiga kioo changu picha na kumtumia mtu. Anwani ya barua pepe zilikotumwa ilikuwa pale kwenye mipangilio, haikufichwa hata kidogo, na niliijua. Ilikuwa ya mwalimu wa Kiswahili wa shule jirani.

Huyo bwana alikuwa rafiki yangu. Mashine ilipokataa kuwaka mwaka uliotangulia, ndiye aliyekuja kuitengeneza. Nilimchinjia kuku. Nikamfungia mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, apelekee watoto wake. Akaniambia akitoka, "Madam, hii sasa utastaafu uiache ikifanya kazi."

Miezi michache baadaye wanafunzi wake walitushinda vibaya kwenye insha ya mock. Katika mkutano wa walimu alisimama kupongezwa, akasema, "Madam ni bingwa wa kutunga, tatizo ni kufundisha." Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, ili nisionekane nina wivu. Nikarudi nyumbani nikajiuliza kama kweli sijui kufundisha, na swali hilo nilitembea nalo mwaka mzima.

Jumatatu, siku mbili baada ya kuzikuta, nilimwonyesha mwalimu mkuu wangu zile picha. Ni mama asiye na maneno mengi.

"Tumripoti leo," akasema.

"Mama, nipe wiki tatu."

Alinitazama. "Na watoto?"

"Watoto watafanya mtihani kama wenzao."

Akakubali kuuchapa mtihani mpya wa kweli mwenyewe, ofisini, kutoka kwenye mwandiko wangu wa mkono.

Nyumbani niliiacha ile programu ifanye kazi yake. Kila Jumamosi niliketi nikatunga mtihani wa uongo, na sijawahi kutunga kwa raha namna ile. Swali la lazima nililifanya tahariri kuhusu mafuriko. Nilirekebisha koma. Nilibadilisha neno moja, nikalirudisha, ili aone jinsi ninavyojitahidi. Feni ikivuma, nami natabasamu.

Siku ya mtihani niliomba kusimamia katika shule yake. Nilifungua bahasha mbele ya darasa, karatasi zikagawiwa. Dakika kumi baadaye alipita mlangoni, akaomba nakala moja. Nilimpa. Nikamwona akisoma swali la kwanza, akirudi juu, akigeuza karatasi nyuma kana kwamba kuna lingine.

"Madam," akasema kwa sauti ya chini, "huu mtihani umebadilishwa?"

"Umebadilishwa kutoka upi, Mwalimu?"

Uso wake ulilowa jasho, na Eldoret asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Alinirudishia karatasi akaondoka. Mimi nilisimama pale mbele ya darasa, moyo ukiimba.

Tuliposahihisha, nusu ya darasa lake walikuwa wameandika tahariri ya mafuriko, aya kwa aya, mifano ileile, ilhali swali lilitaka barua. Niliandika kwenye kila moja: amepotoka. Mbili kwa ishirini. Kisha nikapeleka zile picha kwenye kamati ya mtihani. Aliondolewa katika mambo yote ya mock, na muhula uliofuata akahamishiwa mbali.

Kabla hajahama nilikwenda shuleni kwake kurudisha karatasi. Msichana mmoja wa kidato cha nne alinifuata hadi langoni, insha yake mkononi.

"Madam, mimi sikuiba. Mwalimu alisema tukariri hiyo, ndiyo itakuja."

Nilimwambia aandike ile barua iliyotakiwa aniletee, nitamsahihishia. Aliileta. Ilikuwa nzuri kuliko zote nilizosoma mwaka huo, na nilipoweka alama niliona aibu mbele ya mtoto yule. Ningeweza kuyazuia yote Jumatatu ile, kama ningekubali tumripoti.

Kwa mwalimu wake sikuona aibu yoyote. Aliwahi kunipigia simu akitaka tuyamalize kikubwa, kama Wakristo. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha, nikakata.