Siku Niliyobishana na Seva Mbele ya Watu wa Nansio

Nimeamua kuandika mwenyewe, kwa sababu wanaousimulia mkasa huu pale Mabatini wanaongeza chumvi, na aibu yangu ilikuwa imekolea vya kutosha bila msaada wao. Wengine wanasema nililia. Sikulia. Nilitokwa jasho, na jasho la mtu mnene likifika machoni linafanana na machozi, basi.

Mimi ni Bundala, mnunuzi wa dagaa. Shule niliiacha darasa la nne (au yenyewe iliniacha, mwalimu wangu angekuwa hai mngemuuliza), lakini nyumba ya Buhongwa nimejenga, maboti ninayo, na vyote nilivianza miaka ile ya tisini biashara ilipofunguliwa na viwanda vikawa vinagombea sangara kama wehu. Barafu ilikuwa haitoshi. Ukitaka mabonge kumi unaagiza arobaini, kwa sababu karani wa barafu anajua unadanganya na wewe unajua kwamba anajua, anakukata, unalalamika, anakuongeza mawili, unaondoka na kumi na mbili na mmeheshimiana. Aliyeagiza kumi kwa sababu anahitaji kumi alipewa matatu, na samaki wake wakaozea ufukweni. Hiyo ndiyo shule niliyosoma mimi.

Sasa Kulwa, mtoto wa dada yangu, aliacha kazi nzuri Dar akarudi Mwanza kutengeneza mnada wa dagaa wa kwenye simu: mwenye boti yuko kisiwani Nansio anatangaza mzigo wake, wanunuzi wanapandishana bei hapo hapo, wa juu anachukua. Mnada wenyewe unakaa kwenye kompyuta za kukodi wanazoziita wingu (nilimuuliza mvua ikinyesha inakuwaje, akanitazama kwa huruma, kumbe ni majumba ya mashine huko kwenye nchi za watu). Kwa kuwa siku ya uzinduzi watu wengi wangeingia kwa mpigo, Kulwa alishika nafasi ya seva (ndizo hizo kompyuta za kukodi) mbili kubwa tuwekewe, asije mwingine akazichukua. Hakumpigia mtu simu. Aliandika mistari michache ya programu akatumia maktaba, ambayo si ya vitabu, ni bunda la amri zilizokwisha kuandikwa na wenzake, wewe unaziita kwa jina zinakufanyia kazi. Akanionyesha: hapa aina ya mashine, hapa siku, hapa idadi, mbili. Ukiiendesha tena inaachia nafasi ya zamani kwanza, kisha inaomba mpya.

"Mbili tu?" nikamuuliza.

"Zinatosha, mjomba. Nimepima."

"Na wao wakikupa moja?"

"Hawapunguzi. Ukiomba mbili unapata mbili."

Moyoni nikasema mtoto huyu hajawahi kununua barafu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wenye maboti wa Nansio walivuka wengi kuliko tulivyowaalika, mbele yao Masatu, ambaye ndiye mwenye neno kule: akikubali wote wanakubali, akigoma Kulwa arudi Dar akaombe kazi yake kwa magoti. Na Masatu hanipendi, tangu enzi za sangara.

"Bundala," akasema akinishika mkono, "hiki kijimashine chako kitatubeba wote hawa, au ndiyo kama lile boti lako la kwanza?" (Lilizama. Likiwa limefungwa gatini.)

Watu wakacheka. Nikaangalia zile simu mikononi mwao, nikaona mbili hazitoshi.

Kulwa alikuwa ametoka kumpokea padre wa kutufungulia kwa sala, kompyuta kaiacha wazi mezani. Nikakaa, nikautafuta ule mstari, nikaongeza sifuri mbili nyuma ya ile mbili. Mia mbili. Sikuwa kichaa, jamani. Nilijua watanikata, wakinipa ishirini nitashukuru. Nikabonyeza pale nilipomwona akibonyeza.

Likaja jibu jekundu. La Kiingereza, ila nyekundu naielewa.

Mtu wa biashara akikataliwa haondoki, anashuka kidogo. Nikaweka mia na hamsini. Nyekundu. Mia. Nyekundu. Na mimi nikipatana lazima mdomo ufanye kazi, kwa hiyo nilikuwa naongea: "Haya, themanini, na hapo naumia." Nyekundu. "Sitini, we mtu, nina wageni." Nyekundu. "Hamsini, mwisho, la sivyo naenda kwa jirani yako!"

Ukumbi ukalipuka. Nikageuka. Projekta ilikuwa inawaka, na ukutani nyuma yangu namba zangu zote zilikuwa zinashuka kama ngazi, kila moja na jibu lake jekundu, na kile kipaza sauti kidogo nilichobandikwa shatini asubuhi kilikuwa hai muda wote. Mama mmoja alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika.

"Shuka kidogo, Bundala," Masatu akapiga kelele, "anakaribia kulegea!"

Mwenye akili angeinuka. Mimi nikaona nikiinuka nimeshindwa, nikaweka ishirini, nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza, hadi ikaja nyekundu ndefu kuliko zote. Kulwa akaingia mbio, akaisoma.

"Inasema tumeomba mara nyingi mno, tusubiri."

"Na zile mbili?"

"Uliziachia ulipobonyeza mara ya kwanza. Hawakati, mjomba. Ukiomba zaidi ya kiwango walichokupangia hupewi hata moja."

Wakati huo watu walishafungua simu, mnada wote ukaangukia kaseva kadogo ka majaribio, ndiko pekee kalikobaki, kakakwama. Nikasikia viti vinasogezwa. Wa Nansio walikuwa na meli ya kuwahi.

Kulwa hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinivua kipaza sauti kama unavyomvua mtoto nguo yenye matope, akasema, "Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba," wakajibu, hata waliokwisha simama.

"Nani hapa hajawahi kuagiza arobaini akitaka kumi?"

Kicheko kikabadilika, sasa wakijicheka wenyewe. "Huku hakuna karani wa kukukata," akaendelea, "wala wa kumbembeleza. Ukisema magunia sita, mnunuzi anaona sita." Aliongea hivyo hadi muda wa kusubiri ukaisha, akaomba mbili, akapewa mbili, na mzigo wa kwanza ukauzwa watu wakiutazama ukutani.

Masatu akasimama. "Sisi tumekubali. Kwa sharti moja. Huyu asiguse."

Wakapiga kura ya mikono. Padre akanyoosha. Nikamtafuta Kulwa anitetee, mkono wake ndio ulikuwa juu kuliko yote. Nikanyoosha na wangu.

Kwa hiyo nawaambieni wenzangu wa umri huu: siku hizi wapo wanaokuuliza unataka ngapi kwa sababu wanataka kujua unataka ngapi. Inaudhi, lakini ndivyo ilivyo. Mimi kompyuta ile siigusi tena, hata kuipangusa vumbi.