Matanuri Zizini kwa Mjomba

Niliacha shule darasa la sita, ila nikisikia habari ya kitu cha kale situlii. Niliambiwa kuwa karibu na stesheni moja ya njia ya Shinyanga kuna mabaki ya matanuri ya zamani sana ya kuyeyushia chuma. Nikapanga kwenda kwa treni na kurudi Mwanza jioni kwa basi.

Mama mdogo, ninayeishi kwake Mabatini, alikataa. “Pale ni kwa kaka yangu. Ushuke, utazame mawe, uondoke bila kulala kwake? Nitasemwa mimi.”

Nikampigia mjomba simu, nikamwamkia na kumweleza shida yangu.

“Matanuri hayo yamo ndani ya zizi langu,” akasema. “Namfungulia aliyelala kwangu tu.”

Nikafungasha shuka, na sukari ya mjomba.