Leseni Niliyonakili Bila Kuisoma

Ofisini kwetu Baraka tulikuwa wawili tu tunaoandika programu, mimi na chef wangu, mkuu wa ofisi. Kila kazi mpya niliianza kwa kunakili folda ileile, na ndani yake mlikuwa na leseni niliyoitoa kwenye kazi moja ya zamani, ya matumizi ya ndani ya ofisi tu: haki zote ni zetu, hakuna ruhusa ya kutumia bila barua yetu. Chef aliniambia mara mbili tukae tuchague leseni za kuanzia, ya kazi za ndani kivyake, ya kazi za kugawia watu kivyake. Nikamjibu hayo ni mambo ya wanasheria, na huku Fizi nani anasoma leseni? Nilijiona mjanja kweli.

Basi nikaandika programu ya chanjo. Unaingiza majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa, inakuonyesha nani siku yake imefika. Ilikuwa ya kugawiwa bure. Muuguzi wa Kazimia akampa mwenzake wa Ubwari kwenye kle USB.

Yule mama wa Ubwari husoma kila kitu. Alifungua leseni kabla ya programu, akakuta "hakuna ruhusa", akafunga ordinateri, yaani kompyuta. Akaandika barua ya kuomba ruhusa kwa mkono, akaipiga kashe, muhuri wa kituo chake cha afya, akaituma kwa boti. Ilinifikia. Nilicheka, nikaiweka kwenye barua zinazosubiri sahihi ya chef, ambaye alikuwa Bukavu, nikaisahau miezi miwili. Na mimi ni mtu wa hukuhuku, najua kwetu ruhusa ni karatasi yenye kashe.

Surua ilipoingia Ubwari, mama bado alikuwa anatafuta majina kwenye madaftari. Familia chache zilizotoka Burundi zilikuwa kwenye daftari la zamani. Zikampita, watoto wao wakabaki bila chanjo.

Chef aliporudi aliikuta barua, akaiweka mezani mbele yangu. Siku hiyohiyo nilibadilisha leseni: tumia, nakili, mgawie mwenzako. Nikaichapa, nikaipiga kashe, nikapanda boti kuipeleka mwenyewe.

Mama alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililoniuma.

"Papa, ile karatasi ya kwanza, ya 'hakuna ruhusa', nani aliiandika?"

"Mi njo niliiweka, mama. Sikuisoma."

"Mi niliisoma," akasema.

Nikampa karatasi mpya yenye kashe. Yeye aliihifadhi, akawasha ordinateri, akamwita mama mmoja wa Burundi aliyeketi kwenye benchi na mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili. Surua ilikuwa imempita mtoto yule bila kumwona. Mama muuguzi akaandika jina lake, la kwanza kabisa, na tarehe ya kuzaliwa. Programu yangu ilifanya kazi vizuri. Ilionyesha kwamba siku yake ya chanjo ya surua imepita.